Mstari wa muda na fremu kuu: uanzie programu ipi ukiwa Kigoma?

Vijana wanaonijia kujifunza katuni za kompyuta hapa Kigoma huwa na swali moja, na karibu kila mara swali lenyewe ni jina la programu: "Kaka, nianze na Blender, au niendelee na hii iliyo kwenye simu?" Swali ni la haki, kwa kuwa bando la kupakulia programu si la bure, na kompyuta ya kuibeba si kila mtu anayo. Hata hivyo hupenda kulijibu kwa kuangalia jambo dogo kuliko uzuri wa picha, nalo ni jinsi kila programu inavyomwonyesha anayeanza mstari wa muda na fremu kuu. Aliyeyashika hayo mawili huhamia programu nyingine kwa siku chache. Ambaye hakuyashika hubaki na vitufe alivyokariri, na siku toleo jipya likivihamisha vitufe hivyo huanza upya kana kwamba hajawahi kujifunza.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Fremu ninayoitaja si ile ya kupangisha duka pale sokoni Mwanga. Ni picha moja tuli, ambayo ikifuatana na nyingine kwa kasi jicho huona mwendo. Sinema huenda kwa fremu 24 kwa sekunde, televisheni za kwetu zilirithi mfumo wa fremu 25, na video nyingi za simu hurekodiwa kwa fremu 30. Mstari wa muda, ambao mafundi wengi huuita taimulaini, ni ule ukanda ulio chini ya kioo unaozipanga fremu kutoka kushoto kwenda kulia, ukiwa na kijiti kinachotembea juu yake kuonyesha umefika fremu ya ngapi. Fremu kuu ni ile ambayo wewe mwenyewe umeiwekea agizo: hapa kitu hiki kiwe mahali hapa, kimeinama kiasi hiki, kina ukubwa huu. Jina limetoka katika studio za katuni za kuchora kwa mkono, ambako mchoraji mkuu alichora mikao muhimu tu, na wasaidizi wakachora michoro ya kujaza katikati. Mnamo 1970 hivi, Nestor Burtnyk na Marceli Wein wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada walitengeneza mfumo ulioikabidhi kompyuta kazi ya wale wasaidizi.

Hapo ndipo programu za leo zinapogawanyika. Zipo zinazokufanya uwe mchoraji mkuu na msaidizi kwa wakati mmoja, yaani kila picha unaichora wewe. Na zipo zinazokuachia mikao mikuu, na kompyuta ikajaza iliyobaki. Ili kuzilinganisha bila kuzionea, huzipa zote zoezi lilelile.

Zoezi lenyewe ni chikichi kinachochomoka kwenye mkungu, kikaanguka kutoka urefu wa mita 3, kikagonga ardhi iliyokauka na kudunda kidogo kabla ya kutulia. Nimelichagua kwa sababu kila aliyekulia Ujiji au Mwandiga ameliona kwa macho yake, kwa hiyo mwendo ukikosewa hata mtoto atajua kuna kitu hakiko sawa. Hesabu yake ni fupi. Kitu kinachoanguka mita 3 hutumia takriban sekunde 0.78 kufika chini, ambazo ni fremu 9 hivi kwa kasi ya fremu 12, na fremu 19 hivi kwa kasi ya 24. Jambo linalowashangaza wanafunzi ni kwamba nusu ya muda huo ikiisha, chikichi kimeshuka sentimita 75 tu. Sentimita 225 zilizobaki hupitwa katika nusu ya pili. Mwendo wa kuanguka huongezeka kadiri kitu kinavyoshuka, na programu unayoichagua ama itakulazimisha ulione hilo, ama itakuficha.

Pencil2D hukulazimisha. Ni programu ya bure, nyepesi sana, na inapofunguliwa mara ya kwanza huwa imepangwa kwa fremu 12 kwa sekunde. Mstari wake wa muda una matabaka ya aina nne tu: la kuchorea kwa rangi, la michoro ya mistari, la sauti na la kamera. Kwenye tabaka la kuchorea hakuna kujaziwa chochote; kila mchoro ni fremu kuu, na unaonekana kwenye ukanda kama kipande kimoja ulichokipanga mwenyewe. Chikichi kikishuka kwa hatua 9, hatua ya kwanza huwa na sentimita 4 hivi na ya mwisho 63 hivi, kwa sababu umbali huongezeka kwa uwiano wa 1, 3, 5, 7 na kuendelea. Mwanafunzi anayechora duara hilo mara 9, akiwa amewasha ile sehemu inayomwonyesha kwa ufifi mchoro uliotangulia, huiona nafasi ikipanuka mbele ya macho yake. Nimeona vijana wakichora hatua zote sawasawa, sentimita 33 kila moja, kisha wakiicheza katuni yao na kucheka wenyewe, kwa sababu chikichi chao kinashuka kama kimefungwa kwenye lifti.

Upungufu wake hauhitaji kutafutwa. Sekunde 10 za katuni kwa fremu 12 ni michoro 120, na mwenye kazi ya mteja hatakuwa na subira hiyo isipokuwa ameamua kuwa mchoraji. Tabaka pekee ambalo Pencil2D hulijazia katikati ni la kamera, na mimi hulitumia kama mlango: mwanafunzi huweka fremu kuu mbili za kamera, huona picha ikisogea yenyewe baina yake, na hapo huelewa kwa mara ya kwanza kompyuta inaweza kumsaidia nini.

Kwenye simu, FlipaClip hufanya kazi ya namna hiyohiyo, na kwa asiye na kompyuta inatosha kabisa kwa zoezi la chikichi, ingawa toleo la bure hubandika alama yake kwenye video na kidole ni kinene kuliko kalamu.

Sasa nije kwenye zile zinazojaza katikati, na nianze na zilizoko mikononi mwa watu wengi, yaani CapCut na Alight Motion. Katika CapCut unachagua kipande cha picha, unabonyeza alama ya almasi, unasogeza kijiti mbele, unaihamisha picha, na almasi ya pili hujiweka yenyewe. Ni rahisi kiasi kwamba mtu hutengeneza tangazo la duka akiwa kwenye bodaboda. Ninachokilalamikia ni kwamba urahisi huo humwachia anayeanza kuamini kuwa fremu kuu ni ujanja wa kuisogeza picha, basi. Kipande kikifutwa almasi hupotea nacho, na hakuna ukanda mpana unaokuonyesha fremu kuu za vitu vyote kwa pamoja. Alight Motion iko karibu zaidi na programu za kompyuta: ina matabaka, kila sifa ina fremu zake kuu, na baina ya fremu mbili unaweza kuufungua mchoro wa mkunjo na kuamua mwendo uanze taratibu au umalizie taratibu. Kwa hiyo aliye na simu pekee na ambaye nia yake ni kujifunza, nitamwelekeza Alight Motion, ilhali mwenye haja ya kurusha tangazo jioni hii atumie CapCut bila kujilaumu.

Synfig Studio ni ya bure, ni ya michoro bapa, na kwa nadharia ingepaswa kuwa jibu la wengi hapa, kwa sababu inajaza katikati na haihitaji mashine yenye nguvu kubwa. Mimi siipendekezi kuwa ya kwanza. Sababu yangu ni istilahi zake: alama inayobeba thamani moja ya kitu kimoja, ambayo programu nyingine zote huiita fremu kuu, Synfig huipa jina jingine lenye maana ya kituo cha njiani, na jina la fremu kuu hulitumia kwa alama inayoshika hali ya mchoro mzima kwa wakati fulani. Mwanafunzi akihama baadaye hulazimika kujifunza upya kile alichokwisha kukijua. Isitoshe, kuna kitufe cha hali ya uhuishaji ambacho kikiwaka turubai huzungushiwa mstari mwekundu, na mabadiliko yote huandikwa kwenye muda. Kikizimwa, mabadiliko hayaachi alama yoyote. Nimepoteza mchana mzima nikisogeza mtumbwi ambao haukuwa ukisogea, kumbe ule mstari mwekundu haukuwapo. Aliyekwisha kuelewa misingi, na ambaye kompyuta yake inakataa Blender, ataifaidi Synfig sana.

Blender ndiyo ninayoitumia kwa riziki, kwa hiyo msomaji anisamehe nikikaa nayo kidogo. Ilianza Uholanzi katika miaka ya 1990 mikononi mwa Ton Roosendaal, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2002 baada ya watumiaji kuchanga Yuro 100,000, na tangu hapo ni ya bure kwa yeyote na kwa kazi yoyote. Filamu iliyoshinda Oscar ya katuni ndefu mwaka 2025, kazi ya watu wa Latvia, ilitengenezwa kwa programu hii hii ambayo kijana wa Bangwe anaweza kuipakua usiku. Wengi huidhania kuwa ni ya vitu vya pande tatu peke yake, ilhali tangu toleo la 2.80 la mwaka 2019 ina sehemu kamili ya kuchora katuni bapa ndani ya nafasi hiyohiyo.

Ukiifungua, mstari wa muda uko chini, umepangwa kuanzia fremu ya 1 hadi ya 250, kwa kasi ya fremu 24, yaani sekunde 10 na ushee. Unaweka kijiti kwenye fremu ya 1, unakipandisha chikichi juu, unabonyeza herufi I, na fremu kuu imewekwa. Katika matoleo ya zamani kidogo hutokea menyu ya kukuuliza unataka kushika mahali, mzunguko au ukubwa. Unakwenda fremu ya 20, unakishusha hadi chini, unabonyeza I tena. Ukiicheza kwa kugonga kitufe cha nafasi, utaona kosa ambalo kila mwanafunzi wangu amelifanya: chikichi kinaanza taratibu, kinaongeza kasi, halafu kabla ya kugusa ardhi kinapunguza mwendo na kutua kwa adabu, mithili ya mgeni anayeteremka kwenye boti. Kompyuta imejaza katikati kwa mkunjo laini pande zote mbili, kwa kuwa hiyo ndiyo tabia yake ya kawaida, na kwenye nusu ya muda imekishusha chikichi nusu ya njia, mita moja na nusu, mahali ambapo uzito halisi ungekuwa umekishusha sentimita 75.

Hapa Blender hupata alama ambazo programu za simu hazizipati. Ina dirisha la grafu, ambamo muda huenda kulia na kimo hupanda juu, na mwendo wa chikichi unaonekana kama mstari. Mstari uliolala ni kutulia, mstari wenye mteremko mkali ni kasi. Mwanafunzi akiutazama huona kwa jicho kuwa karibu na fremu ya 20 mstari umelala, wakati ulitakiwa kuwa mkali kuliko sehemu zote. Anachagua fremu kuu ya kwanza, anabonyeza T, anachagua aina ya mraba (Quadratic kwenye menyu), na mstari unabadilika kuwa ule mkunjo wa hesabu ya 1, 3, 5, 7 aliouchora kwa mkono katika Pencil2D wiki iliyopita. Kudunda huhitaji fremu kuu mbili zaidi: ya 26 kikiwa juu sentimita 30, na ya 32 kikiwa chini tena. Kipande cha kupanda hugeuziwa mkunjo kwa Ctrl na E ili kianze kwa kasi na kuishia taratibu. Fremu kuu nne kwa jumla, na chikichi kina uzito.

Ndiyo maana nasema Pencil2D ni ya kwanza na Blender ni ya pili hata kwa mwenye mashine nzuri. Aliyeanzia Blender moja kwa moja huiona ile grafu kuwa ni uzi uliosokotana, na huikwepa miezi mingi. Aliyechora hatua 9 kwa mkono huitambua kama kumbukumbu yake mwenyewe.

Zoezi la pili linazitenganisha programu hizi kwa namna nyingine. Mvuvi mmoja mwenye biashara ya dagaa aliwahi kuniagiza tangazo la mtumbwi wa usiku, taa ikiwaka, ukiyumba juu ya maji kama inavyoonekana kutoka Kibirizi. Kuyumba ni mwendo unaojirudia. Katika Blender niliweka fremu kuu tatu za mzunguko, ya 1, ya 25 na ya 49, ambapo ya kwanza na ya mwisho ni sawa kabisa, kisha kwenye dirisha la grafu nikabonyeza Shift na E na kuchagua urudiaji. Mtumbwi ukayumba hadi mwisho wa tangazo bila alama nyingine. Synfig ina tabaka la kurudia muda lifanyalo jambo hilohilo. After Effects hulifanya kwa kuandika agizo fupi la maneno kwenye sifa ya mzunguko. Katika CapCut utanakili almasi moja baada ya nyingine, na mteja akisema "punguza kidogo kuyumba" utazifuata zote, moja moja. Pencil2D inakuruhusu kunakili michoro, na hapo inakuwa kazi ya mikono.

Nimeitaja After Effects, kwa hiyo niseme msimamo wangu juu ya zile za kulipia. Katika After Effects kila sifa ina alama ya saa ndogo; ukiibonyeza unaanza kuandika fremu kuu, na kitufe cha F9 hulainisha mwendo wa zile ulizozichagua. Ni nzuri, na ofisi nyingi za matangazo na vituo vya televisheni huitumia, lakini hulipiwa kila mwezi na huomba RAM isiyopungua GB 16. Adobe Animate, mrithi wa programu ya zamani ya Flash, ina mstari wa muda ulio wazi kuliko zote kwa katuni bapa: F5 hurefusha fremu, F6 huweka fremu kuu, F7 huweka fremu kuu tupu. Nayo ni ya kulipia. Kijana ambaye ameahidiwa kazi Dar es Salaam na anajua ofisi inatumia nini, ajifunze hiyo. Asiye na ahadi hiyo hana sababu ya kuanza na ada, wala ya kuanza na nakala ya wizi, ambayo mara nyingi huja na virusi vinavyoharibu flashi za mtaa mzima.

Kuhusu mashine: Pencil2D hufanya kazi hata kwenye kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 4 ambayo imekwisha kuchoka. Blender ya matoleo ya 4 huomba RAM ya GB 8 na kadi ya grafiki inayokubali OpenGL 4.3 (lugha ambayo programu huitumia kuiagiza kadi hiyo ichore), na kwenye mashine nyingi za mitumba hicho cha pili ndicho kikwazo, kwani programu hukataa hata kufunguka. Kwa mashine za namna hiyo lipo toleo la 2.79, lenye sura ya zamani na vitufe tofauti kidogo, lakini mstari wa muda na grafu ni vilevile. Faili la kupakua la Blender huzidi MB 300, kwa hiyo mmoja apakue na wengine wanakili. Leseni yake inaruhusu hivyo waziwazi.

Kigezo ambacho sijakiona katika ulinganisho wowote ulioandikwa ng'ambo ni umeme. Mwaka juzi niliacha kompyuta usiku ikirenda, yaani ikizikokotoa fremu kuwa picha kamili, tangazo la sekunde 20, yaani fremu 480, moja kwa moja kuwa faili la video. Umeme ulikatika alfajiri, betri ikaisha, na asubuhi nikakuta faili lisilofunguka. Tangu siku hiyo huitoa kazi kama mfuatano wa picha za PNG, kila fremu faili lake, kisha huziunganisha kuwa video mwishoni kwa dakika chache. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 310, naanzia ya 311. Blender na Synfig huweza kufanya hivyo, na Pencil2D pia huweza kutoa picha mojamoja. Kwenye simu watu wengi hutoa video moja kwa moja, na simu, kwa kuwa ina betri yake, mara chache hukatikia njiani.

Jambo la mwisho linahusu kasi ya fremu. Iamue kabla ya kuweka fremu kuu ya kwanza. Katika Blender fremu kuu hukaa kwenye namba yake hata ukibadili kasi, hivyo mwendo wa fremu 48 ulio wa sekunde 2 kwa kasi ya 24 utakuwa wa sekunde 4 kwa kasi ya 12, na sauti uliyoilinganisha nao itaachwa nyuma au itatangulia. Tangazo la mtumbwi nililifanya kwa 24 nikidhani ni la mitandaoni. Mteja aliporudi akisema linakwenda pia televisheni, nikalihamishia 25. Kuyumba hakuna aliyegundua kuwa kumeongezeka kasi, lakini sauti ya injini ya boti ilikuwa ikiendelea hata baada ya mtumbwi kusimama, na nililazimika kuzisogeza fremu kuu zote za sehemu ya mwisho, nikianzia ya 400.